Namna ya Kuongoza Mjadala wa Jinsi na Jinsia katika Kikundi cha Wanawake

Mwongozo huu nimewaandikia wenyeviti na makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa vya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea na Ruangwa, pamoja na wawezeshaji wanaovitembelea. Siku hizi, hisa zikishahesabiwa na sanduku likishafungwa kwa kufuli zake tatu, mara nyingi yupo binti aliyerudi kutoka chuoni ambaye huuliza swali alilolikuta kwenye simu: mwanamke ni nani hasa? Wengine hucheka, wengine hukasirika, na kiongozi asiyejiandaa hulizima swali kwa dua ya kufungia kikao. Mimi naamini kwa dhati kwamba swali hilo linaweza kuzungumzwa mkekani bila kumvunjia mtu heshima, na kwamba likizungumzwa vizuri litatusaidia kuyataja kwa sauti mambo ya mwili wa mwanamke ambayo tumezoea kuyanong'ona.

Kabla ya siku yenyewe

Usiitishe mjadala huu katika majira ya minada ya korosho, yanayoanza Oktoba, maana akili za watu huwa ghalani na kwenye malipo, na wala usiupachike mwishoni mwa siku ya mgawo. Chagua siku ya kawaida ya hisa, tenga saa mbili kamili, na uwaarifu wanachama wiki moja kabla kwamba kutakuwa na mazungumzo ya watu wazima. Panga vikao viwili, cha kwanza cha maneno na cha pili cha hoja. Niliwahi kuvibana vyote katika kikao kimoja, na watu wakaondoka wakiwa wamegombana juu ya maneno ambayo kila mmoja aliyaelewa kwa namna yake.

Kama katika kijiji yupo nyakanga, yaani kungwi wa unyago, anayeheshimiwa kwa kufunda wali, mwendee nyumbani kwake kwanza, umwamkie, umweleze nia yako na umsikilize. Yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa mambo haya hapo kijijini, na akihisi kwamba umekuja kumpokonya kazi yake hakuna atakayefungua kinywa mbele yako.

Kikao cha kwanza: maneno

Katika Kiswahili cha Tanzania wataalamu wametenga maneno mawili. Jinsi ni hali ya mwili ya kuwa wa kike au wa kiume, yaani viungo vya uzazi, homoni na yale yanayofuatana navyo, kama hedhi, mimba na kunyonyesha. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyajenga juu ya mwili huo: nani apike, nani ashike fedha ya korosho, nani azungumze mkutanoni, nani avae nini. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii hupotea, kwa sababu watu wengi husema jinsia kwa yote mawili, Katiba yetu katika Ibara ya 13(5) hutumia neno jinsia inapokataza ubaguzi, na neno jinsi lenyewe ndilo tunalotumia pia kuulizia namna ya kufanya jambo. Kwa hiyo usitoe fasili na kupita. Wafanye wanachama wazitafute wenyewe.

Zoezi ninalolitumia halihitaji bango kitita wala kalamu, jambo linalowafaa wasiosoma. Tandika mkeka, weka mstari wa kamba katikati, useme kwamba upande wa kulia ni wa mambo yanayotokana na mwili na wa kushoto ni wa mambo yanayotokana na desturi. Kisha toa vitu kimoja kimoja: pedi, jembe, kadi ya kliniki, kanga, sufuria, hati ya shamba, mbeleko. Kila kitu kikitoka, mwanachama mmoja akiweke mahali anapoona panafaa na aeleze kwa nini, na wengine waruhusiwe kukihamisha.

Katika kikundi kimoja cha Ruangwa, pedi na kadi ya kliniki zilikwenda kulia bila ubishi, jembe na sufuria zikaenda kushoto, lakini mbeleko ilihamishwa mara nne. Mama mmoja alisema mtoto hutoka tumboni na hunyonya, hivyo mbeleko ni ya mwili. Mwingine akajibu kwamba mgongo wa baba nao ni mgongo, na hakuna kiungo cha kike kinachohitajika kumfunga mtoto. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote pale, akaichukua ile mbeleko, akaikunja mara mbili, akailaza juu ya kamba yenyewe, nusu huku nusu kule, akasema, "Kuzaa ni kwangu. Kubeba mlinipa ninyi." Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora ya tofauti ya jinsi na jinsia, na ninapoongoza kikao huiacha mbeleko iwe kitu cha mwisho kutolewa.

Baada ya hapo ndipo uongeze neno la tatu, utambulisho wa kijinsia, ambalo ni hisia ya ndani ya mtu kuhusu yeye ni mwanamke, mwanamume au vinginevyo, hisia ambayo kwa watu wengi hulingana na miili yao na kwa baadhi hailingani. Eleza pia kwamba mtu aliyebadili jinsia, yaani yule anayeishi kwa utambulisho usiolingana na mwili aliozaliwa nao, si sawa na huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayakukaa wazi upande wa kike wala wa kiume. Waislamu wa pwani yetu wanalifahamu neno huntha kutoka katika elimu ya mirathi, ambamo mafakihi waliijadili sehemu yake kwa karne nyingi, na nchini Kenya sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu wa namna hiyo kwa mara ya kwanza na kupata 1,524. Kuwachanganya watu hawa wawili ndilo kosa linaloharibu mijadala mingi kabla haijaanza.

Hapa pia onesha jambo ambalo lugha yetu inatusaidia. Sehemu kubwa ya ugomvi wa Ulaya na Marekani inahusu viwakilishi, kwa sababu Kiingereza humlazimisha msemaji kuchagua kati ya neno la kike na la kiume kila anapomtaja mtu asiyekuwepo. Sisi tunasema yeye, anakuja, amelala, na hakuna anayejua kama ni mke au mume mpaka aambiwe. Msomi wa Nigeria, Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, alitoa hoja kama hiyo mwaka 1997 kuhusu Kiyoruba, akisema kwamba katika jamii ya Wayoruba wa kale umri na ukubwa ndivyo vilivyopanga watu kabla ya uke na uume. Wapo wasomi waliompinga, lakini wanachama wako wataona mara moja kwamba hata kwetu anayeamkiwa kwanza ni mkubwa, awe bibi au babu.

Tumieni ushahidi wa nyumbani

Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa mama. Mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, na kwa desturi ya zamani mume ndiye aliyehamia upande wa mke. Ukisafiri hadi Mara au Kagera utakuta miili ileile ya kike, lakini ukoo ni wa baba na ardhi hufuata wanaume, hali ambayo Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliiandika kwa ajili ya makabila ya ukoo wa baba. Mwambie binti wa chuo alitafakari hilo: mwili haukubadilika njiani, kilichobadilika ni jinsia. Huko Mara, miongoni mwa Wakurya, kuna pia desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa nyumba yake, na msomi wa Nigeria, Ifi Amadiume, alieleza mwaka 1987 desturi inayofanana na hiyo kwa Waigbo wa nchini kwake. Mwanamke yule hushika nafasi ya mume katika ukoo, na hakuna anayedai kwamba mwili wake umegeuka.

Mfano mwingine unatoka katika uwanja wa ngoma. Katika midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, mwanamume huvaa umbo la mti lililochongwa kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, kitovu kikiwa kimetokeza, akacheza mwendo wa mama mwenye mimba. Ni mfano mzuri wa kuonesha kwamba uke kama mwenendo unaweza kuigwa, na mimba yenyewe haiwezi. Hata hivyo utumie kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mchezaji wa midimu huvua kinyago jioni na kurudi kuwa alivyokuwa, ilhali mtu anayeishi maisha yake yote akijihisi wa jinsia nyingine havai kinyago, na kumwita hivyo ni kumtukana. Ukiona mfano umeanza kuwa dhihaka, uache.

Kikao cha pili: hoja za pande zote

Watu wengi hudhani wafeministi, yaani watetezi wa usawa wa wanawake, wana kauli moja kuhusu jambo hili, na hilo si kweli. Eleza kila upande kwa nguvu yake yote, kana kwamba mwenye hoja ameketi hapo mkekani.

Upande wa kwanza unasema kwamba mwanamke ni mtu mzima wa jinsi ya kike, na kwamba dhuluma nyingi dhidi yake zimejengwa juu ya uwezo wa mwili wake wa kuzaa: kuozwa mapema, kukeketwa, kufukuzwa shule kwa mimba, kubakwa, kufa kwa uzazi. Ikiwa neno mwanamke litamhusu yeyote anayejitambulisha hivyo, wanasema, itakuwa vigumu kuhesabu dhuluma hiyo, kutunga sheria dhidi yake na kutenga mahali pa faragha kama makimbilio ya waliopigwa, wodi na magereza.

Upande wa pili unakumbusha kwamba mwanafalsafa wa Ufaransa, Simone de Beauvoir, tangu mwaka 1949, alifundisha kuwa uanamke ni jambo ambalo mtu hufanywa kuwa nalo na halikamiliki kwa kuzaliwa tu, na kwamba mwanafalsafa wa Marekani, Judith Butler, mwaka 1990, alikwenda mbele zaidi na kusema hata namna tunavyousoma mwili hupitia katika macho ya jamii. Kwa wafeministi hawa, akiwemo mwanasheria Catharine MacKinnon, wanawake waliobadili jinsia hupigwa na kudhalilishwa na mfumo uleule wa kiume unaotuumiza sisi, na kuwafungia mlango ni kuwafanyia kazi wale wanaotaka kutuambia mwanamke halisi anapaswa kuwaje.

Wapo pia wanaosimama katikati. Mwandishi wa Nigeria, Chimamanda Ngozi Adichie, alisema mwaka 2017 kwamba uzoefu wa mtu aliyeishi kwanza akiheshimiwa kama mwanamume haulingani na wa aliyelelewa kama msichana tangu kuzaliwa, akalaumiwa vikali, kisha akaeleza kwamba kutofautisha uzoefu hakumaanishi kumnyima mtu haki.

Sheria nazo zimegawanyika. Argentina, mwaka 2012, iliruhusu mtu kubadili jinsi katika nyaraka kwa tamko lake mwenyewe. Nchini Uingereza, tarehe 16 Aprili 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba maneno mwanamke na jinsi katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 yanamaanisha jinsi ya kibaiolojia, huku ikisisitiza kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa na sheria hiyo dhidi ya ubaguzi. Wanachama husikiliza zaidi wakielezwa chanzo cha kesi hiyo, kwa kuwa ilitokana na sheria ya Scotland ya mwaka 2018 kuhusu idadi ya wanawake katika bodi za umma. Sisi tunalijua jambo la viti: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Pale ambapo sheria imetenga kiti, ni lazima iseme kiti hicho ni cha nani.

Sasa wagawe wanachama makundi mawili na umpe kila mmoja upande ambao haukubali. Wape nusu saa. Utashangaa kuona hasira inavyopungua mtu akilazimika kuitafutia maneno mazuri hoja ya mwenzake.

Pimeni jambo moja moja

Msimamo wangu ni kwamba swali la jumla la nani ni mwanamke halina faida kubwa kwetu mpaka lishushwe kwenye jambo mahususi. Kwa kila jambo ulizeni: je, hapa kinachohitajika kinatokana na mwili, kinatokana na desturi, au kinahusu utu wa mtu? Mara nyingi jibu hujitokeza lenyewe.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na hapo mwili ndio unaosema: anayestahili uchunguzi ni kila mwenye mlango wa kizazi, hata kama anajiita mwanamume. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Waulize wanachama ni binti wangapi wa kikundi walioipata, na usishangae kama mazungumzo yataishia hapo kwa muda mrefu. Vifo vya uzazi navyo vinathibitisha faida ya kuhesabu kwa jinsi: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ulikadiria 104. Bila kuwahesabu wanawake kwa jinsi yao hatungejua tulipotoka.

Kwenye michezo, sahihisha kwanza taarifa. Katika mbio za mita 800 za wanawake huko Rio mwaka 2016, medali zote tatu zilikwenda kwa Waafrika: Caster Semenya wa Afrika Kusini, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Baadaye kanuni za homoni ziliwazuia katika mbio hizo. Hakuna kati yao aliyebadili jinsia. Walilelewa wasichana tangu kuzaliwa, na suala lao ni la tofauti za ukuaji wa jinsi, yaani miili iliyokua tangu tumboni kwa namna isiyofuata kikamilifu mkondo wa kawaida wa kike au wa kiume. Yapo maswali ya haki kwa wakimbiaji wengine wa kike, nami sidharau swali hilo, lakini kuwasimanga dada zetu hawa kana kwamba walijigeuza ili waibe medali ni uongo.

Unyago unahitaji muda wako mwingi, kwa sababu hapo jinsi na jinsia zimefumwa pamoja kama ukili. Somo la hedhi, la usafi na la kuutambua mwili ni hazina, na shule haijaweza kulifundisha kwa upole ule. Somo la kumwandaa mtoto wa darasa la nne amridhishe mwanamume ni desturi, na desturi inaweza kuachwa. Tumieni mkeka na kamba tena: nyakanga mwenyewe ataje anayoyafundisha, na wanachama wayapange pande mbili. Mkumbushe kila mtu kwamba mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18, vinapingana na Katiba, na kwamba Mahakama ya Rufani ilikubali hivyo mwaka 2019. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Haya ni mambo ya jinsi kwa maana kamili, na ninaumia ninapoona kikao kizima kimemezwa na ubishi wa ng'ambo wakati binti wa jirani ameketi nyumbani na mtoto.

Lindeni watu

Weka sharti tangu mwanzo: hakuna jina la mtu wa kijijini litakalotajwa, hakuna anayeulizwa kuhusu mwili wake, na hakuna anayesimulia nje alichosikia. Katika vikao vyangu vya mwanzo sikuliweka. Mwanachama akamtaja kijana mmoja muuza samaki kwa sababu ya sauti yake na namna alivyofunga kanga, wengine wakacheka, nami nikanyamaza nikidhani kicheko kitapita. Wiki iliyofuata meza yake sokoni ilikuwa tupu, na haikujazwa tena. Nilikuwa na wajibu wa kusimamisha kicheko kile, na sikufanya hivyo.

Sharti hili lina uzito zaidi kwetu kwa kuwa Tanzania haina sheria ya kubadili jinsi katika nyaraka, na mtu anayesingiziwa anaweza kupata madhara makubwa kutoka kwa majirani na vyombo vya dola. Chunga hata maneno ya kawaida. Neno shoga, ambalo mama zetu wa pwani hulitumia kwa rafiki wa kike, limegeuzwa kuwa tusi, na binti anayelisikia kwa maana hiyo anaweza kuondoka kikaoni akiwa na hadithi isiyokuwepo. Ukihitaji neno la kumwita kila mtu bila kumpima, tunalo tangu enzi za Ujamaa: Ndugu.

Andikeni mliyokubaliana

Katibu asiandike nani alisema nini. Aandike tu maombi yatakayopelekwa mbele, kila ombi likiwa na mahali linapokwenda: la chanjo na uchunguzi kwa mganga wa zahanati, la viti vya baraza la ardhi kwa mwenyekiti wa kijiji, la muda wa unyago kwa nyakanga na mwalimu mkuu wakiwa pamoja. Pedi nazo zina historia ya kuandikiwa mbunge, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018 na kurudishwa mwaka 2019.

Ombi la choo cha shule liandikeni kwa vipimo, kwani maneno ya jumla hujibiwa kwa ahadi za jumla. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabuni matundu yaliyopo, hesabuni wasichana waliosajiliwa, andikeni pungufu. Ombeni chumba cha kubadilishia pedi chenye maji na pipa lenye mfuniko, pamoja na choo kimoja chenye mlango wake pekee, kitakachomfaa mwenye ulemavu na mtoto yeyote asiyeweza kuingia katika safu ya wengine kwa sababu ambayo hapaswi kuulizwa. Barua ifike kwa mtendaji kabla ya mkutano mkuu wa kijiji, na mstari wa mwisho useme wazi kwamba komeo la kila mlango liwe upande wa ndani.